Darasa kwanza au kazi kwanza? Njia za kuwafundisha vijana wenye ulemavu stadi laini za kazini

Mtu anayepewa jukumu la kuwaandaa vijana wenye ulemavu kwa ajili ya ajira hukutana mapema na swali moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka. Je, kijana akae kwanza darasani ajifunze kujitambulisha, kusikiliza, kuuliza na kushirikiana na wenzake, ndipo apelekwe kazini, au apelekwe kazini kwanza na hayo yote ajifunze akiwa humo humo? Pembeni ya njia hizo mbili zipo nyingine, kama video, mazoezi ya kompyuta, na kuongozwa na mfanyakazi mzoefu ambaye naye ana ulemavu. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mkufunzi, mzazi au mratibu wa mradi ambaye hana muda wala fedha za kuzijaribu zote, naye anatakiwa achague.

Kwa stadi laini nakusudia yale mambo ambayo hayaandikwi katika cheti lakini ndiyo huamua kama mtu atabaki kazini: kufika kwa wakati, kusema mapema unapokwama, kuelewa agizo lililotolewa nusunusu, kukaa vizuri na wenzako wakati wa mapumziko, kupokea kukosolewa bila kuvunjika moyo. Kijana anaweza kuwa fundi cherehani mwenye mkono mzuri kuliko wote na bado akaachishwa kazi kwa sababu uzi ulipokwisha alikaa kimya saa nzima akisubiri mtu amwone. Msimamizi huita kimya kile uvivu. Mara nyingi ni stadi ambayo hakufundishwa kamwe, kwa kuwa tangu utotoni alikuwapo mtu wa kumsemea.

Kipimo kabla ya njia

Kabla ya kulinganisha njia ni lazima kukagua kile kinachofundishwa, maana njia nzuri ikibeba kipimo kibovu humuumiza kijana kwa kasi zaidi. Vitini vingi vya usaili humwagiza kijana amtazame mwajiri machoni, amshike mkono kwa nguvu, akae wima na aongee kwa sauti thabiti. Hebu tuhesabu wanaoshindwa hapo hata kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Yumo asiyeona, yumo mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono wake haumtii, yumo kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama, na yumo kijana mwenye usonji (autism) ambaye akilazimishwa kutazama macho ya mtu hashiki tena anachoambiwa. Kitini cha namna hiyo hakipimi stadi ya kazi, kinapima kutokuwa na ulemavu. Lengo halali lililofichwa ndani ya agizo hilo ni kumwonyesha mwenzako kwamba unamsikiliza, na lengo hilo hufikiwa kwa njia nyingi: kumgeukia, kurudia kwa ufupi ulichoelewa, kuandika, kuuliza swali linalofuata.

Mwaka 2012 mtafiti wa Uingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili, kwa sababu kila upande unashindwa kuusoma mwingine. Hoja hiyo ina uzito mkubwa kwa anayefundisha stadi laini, kwa kuwa mafunzo yanayomtaka kijana peke yake abadilike huacha nusu ya tatizo mikononi mwa wasiofundishwa, yaani msimamizi na wafanyakazi wenzake. Nitairudia hoja hii, kwa sababu njia hizi zinatofautiana sana katika namna zinavyoigusa nusu hiyo ya pili.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unahesabu kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayofaa ya kumwezesha kushiriki sawa na wengine, kuwa ni ubaguzi, na ibara yake ya 27 inahusu kazi na ajira. Kwa sababu hiyo naiweka stadi ya kuomba marekebisho juu ya nyingine zote. Kijana anayeweza kusema, “Naomba agizo hili kwa maandishi, nikilisikia tu hunipotea,” amejifunza jambo moja litakalomlinda mara nyingi kuliko kushikana mikono. Mtaala usio na somo hilo una upungufu, hata ukiwa umepangwa vizuri namna gani.

Darasa lina faida gani

Mafunzo ya darasani yanayofaa hayawi mihadhara. Hufuata hatua nne zinazojulikana: mkufunzi anaeleza stadi, anaionyesha, kijana anaifanyia mazoezi katika igizo dhima, kisha anapewa mrejesho na kurudia mpaka aweze. Hapo ndipo darasa linaposhinda mahali pa kazi, kwa sababu jambo linaweza kurudiwa mara kumi bila mtu kukasirika. Kazini nafasi ya kumweleza msimamizi kwamba umekosea haiji kwa ratiba, nayo inapokuja, kosa ni la kweli na hasara ni ya kweli. Darasani unaweza kukosea kwa makusudi, ukasimama katikati ya sentensi, ukaulizana na wenzako ni neno lipi lililoudhi, ukaanza tena.

Kwa vijana viziwi faida nyingine ni kubwa zaidi. Mfanyakazi anayesikia hujifunza desturi za kazi kwa kuyasikia maongezi ya wengine bila kukusudia, kwa mfano nani hapendi kukatizwa asubuhi, au mwenzao alipochelewa aliomba radhi vipi. Kiziwi aliye peke yake miongoni mwa wanaosikia hapati hata tone la maarifa hayo. Darasa linaloendeshwa kwa lugha ya alama, hasa na mkufunzi kiziwi, humpa kwa lugha kamili yale ambayo wengine waliyaokota njiani. Asiyeona naye amekosa sehemu yake, kwa kuwa mengi katika mahusiano ya kazini hufanywa kwa ishara: kutikisa kichwa, kuinua mkono, kumwachia mtu nafasi. Anastahili kuelezwa kwa maneno kwamba mambo hayo yapo, ndipo aamue yapi atayatumia na yapi atatafuta mbadala wake.

Somo la kusema au kutosema kuhusu ulemavu wako linafaa kuanzia darasani pia. Ulemavu usioonekana, kama kifafa au maradhi ya akili, humweka kijana katika uamuzi mgumu: aseme kwenye barua ya maombi, kwenye usaili, baada ya kuajiriwa, au asiseme kabisa. Uamuzi huo ni wake, wala mkufunzi hana ruhusa ya kumwamulia. Lakini anahitaji mahali pa kuujaribu kwa sauti, asikie maneno yake mwenyewe, na atenganishe yanayohusu kazi na yale ya faragha. Ofisini siku ya kwanza si mahali pa jaribio hilo.

Udhaifu wa darasa

Udhaifu wake mkuu ni kwamba stadi iliyojifunzwa ndani ya chumba hupenda kubaki ndani ya chumba. Mwaka 1977 Trevor Stokes na Donald Baer, watafiti wa mabadiliko ya tabia, walionyesha kwamba mafunzo mengi hutolewa kisha wakufunzi wanatumaini tu kwamba tabia mpya itahamia mahali pengine, na wakahimiza uhamishaji huo wenyewe upangwe na kufundishwa. Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na bado miradi mingi hufunga hesabu siku ya kugawa vyeti.

Tatizo hilo huonekana wazi ukilitazama kwa karibu. Darasani kijana mwenye ulemavu wa akili, yaani ugumu wa kujifunza na kuelewa na si maradhi ya akili, amejifunza kusema, “Samahani, naomba msaada.” Ameyasema maneno hayo mara nyingi, ameketi, chumba kimetulia, mkufunzi yuko mbele yake anamtazama kwa tabasamu. Siku ya kwanza ghalani kisanduku kinapasuka mikononi mwake. Msimamizi amempa mgongo, anaongea kwenye simu, mashine inanguruma, na watu wawili wanapita kati yao wakisukuma toroli. Kila kilichokuwa kikimkumbusha aseme maneno yale hakipo. Anasimama na kisanduku chake. Maneno anayajua, ila asichokijua ni jinsi ya kumwendea mtu aliyekupa mgongo, kusubiri amalize simu, na kuamua kama jambo lako linastahili kumkatiza. Darasa halikumfundisha hayo kwa sababu darasani hakuna aliyewahi kumpa mgongo.

Darasa lina mtego mwingine unaoniuma zaidi, nao ni ule wa kusema “bado hajawa tayari.” Kijana mwenye ulemavu mkubwa hupimwa, huonekana hajafikia kiwango, hurudishwa kwenye maandalizi, hupimwa tena, na miaka hupita. Wenzake wasio na ulemavu waliajiriwa wakiwa hawajui kufika kwa wakati, wakajifunza kwa kuonywa. Yeye peke yake ndiye anayetakiwa akamilike kabla ya kuanza.

Kazi kwanza

Mpangilio huo ulianza kugeuzwa na waliotetea ajira yenye msaada, ambayo nchini Marekani iliingizwa katika marekebisho ya mwaka 1986 ya sheria ya utengamao, yaani ya kuwarejesha watu wenye ulemavu katika kazi na maisha ya kawaida. Kanuni yake ni kumweka mtu kazini kwanza, kazi halisi kwa mwajiri wa kawaida, kisha kumfundisha hapo hapo akiwa na mwelekezi, yaani mtu wa kumwongoza na kumsaidia akiwa kazini. Kwa watu wenye maradhi makubwa ya akili, watafiti wa Marekani Robert Drake na Deborah Becker walijenga mfumo unaofanana na huo, ambao haumfungii mtu mlango kwa hoja ya kutokuwa tayari. Anayetaka kazi anatafutiwa kazi, na timu yake ya matibabu inashirikiana na mtaalamu wa ajira. Utafiti mwingi umeonyesha kuwa mfumo huo huwafikisha watu wengi zaidi kwenye ajira ya kawaida kuliko maandalizi marefu.

Nguvu ya njia hii ni kwamba hakuna cha kuhamisha. Kijana anajifunza kumwendea msimamizi yule yule, katika kelele zile zile, kwa maneno yanayotumika pale. Jambo la pili, ambalo mimi nalipa uzito kuliko hilo, ni kwamba msimamizi na wenzake nao wanafundishwa. Mwelekezi anapomwambia msimamizi, “Mpe agizo moja, subiri alimalize, ndipo umpe la pili,” amefundisha stadi laini kwa mtu ambaye hangekanyaga kamwe darasani kwetu. Hapo ile nusu ya pili ya tatizo inaguswa.

Lakini njia hii inategemea mno ubora wa mwelekezi. Mwelekezi mbaya hugeuka ukuta, kwani wafanyakazi humwuliza yeye badala ya kijana, msimamizi hutoa malalamiko kwake, na kijana hujifunza kusubiri kuambiwa. Mwelekezi mzuri hupanga tangu siku ya kwanza jinsi atakavyoondoka. Wiki ya kwanza anasimama begani. Baadaye anarudi nyuma hatua chache na kunyamaza, akihesabu moyoni kabla ya kutoa msaada wowote. Msaada wenyewe unaanza kwa ishara ndogo, kisha swali, kisha neno, na kuonyesha kwa mkono ni kwa mwisho kabisa. Mtu akimwuliza yeye jambo linalomhusu kijana, anajibu, “Mwulize mwenyewe.” Baadaye anahamia mwisho wa ukumbi, halafu anafika mara moja kwa wiki, halafu anabaki wa kupigiwa simu. Ukimkuta mwelekezi amesimama begani mwezi wa nne kama alivyosimama siku ya kwanza, kuna kasoro katika mpango, wala kasoro hiyo haitokani na kijana.

Gharama nayo haiepukiki, maana darasa humpa mkufunzi mmoja vijana kumi, ilhali mwelekezi kwa kipindi cha mwanzo humhudumia mmoja au wachache mno. Pia makosa hufanywa mbele za watu, na kijana mwenye wasiwasi mkali anaweza kuvunjika baada ya kosa moja tu. Tena ni lazima kulinda mipaka ya muda: mafunzo kwa vitendo yasiyo na malipo yawe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, la sivyo kijana hugeuka kuwa nguvu kazi ya bure inayoitwa mwanafunzi.

Njia za pembeni

Video fupi zinazoonyesha stadi moja kwa hatua zinawasaidia sana vijana wengi wenye usonji au ulemavu wa akili, kwa kuwa zinarudiwa bila kubadilika na zinakaa kwenye simu. Kijana anaweza pia kujitazama mwenyewe akifanya jambo kwa usahihi. Kwa kiziwi ziwe na lugha ya alama, maana maandishi chini ya picha hayamtoshi ambaye lugha ya maandishi kwake ni ya pili, na kwa asiyeona ziwe na maelezo ya sauti. Upungufu wake ni kwamba video haijibu. Mazoezi ya usaili kwa kompyuta hujibu, lakini kwa maswali yaliyopangwa. Zote mbili nazihesabu kuwa ni vifaa vya kusaidia darasa au kazi, wala haziwezi kusimama badala yake.

Kuongozwa na mfanyakazi mwenye ulemavu ni jambo jingine kabisa, na nasikitika kwamba mara nyingi huachwa mpaka fedha zibaki. Mtu anayetumia kiti mwendo na amekaa kazini miaka kumi anajua kumjibu mwenzake anayemsukuma bila kuombwa, kwa namna ambayo haivunji urafiki wala heshima yake. Mkufunzi asiye na ulemavu anaweza kueleza jambo hilo, lakini hajaliishi. Mikutano michache na mtu wa namna hiyo, hata kwa simu, ina thamani kuliko masomo kadhaa ya kujiamini.

Kuchagua kwa kijana aliye mbele yako

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa jina la ulemavu. Linalofaa kuulizwa ni kwamba ugumu uko wapi. Kama kijana hajui kwamba desturi fulani ipo, anza darasani. Kama anaijua lakini haitumii anapokuwa penye kelele na watu wapya, darasa jingine halitamsaidia, anahitaji kazi na mwelekezi. Kama anaijua na anaitumia lakini watu hawamwelewi, wa kufundishwa ni hao watu. Na kama kikwazo chake ni ngazi, mlango mwembamba au kompyuta isiyo na programu ya kusoma skrini, basi kumpeleka kwenye mafunzo ya stadi laini ni kumpotezea muda na kumtwika kosa lisilo lake. Vijana wengi wenye ulemavu wa viungo wamo katika kundi hili la mwisho, na wanahitaji mafunzo haya kwa kiasi kile kile anachohitaji kijana mwingine yeyote anayeanza kazi.

Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili, ambaye kuhamisha jambo kutoka mahali hadi mahali ndiko kunamwia vigumu kuliko kulijifunza, ningechagua kazi kwanza karibu kila mara. Kwa kijana kiziwi aliyekulia bila wenzake viziwi, ningeanza na darasa la lugha ya alama, kisha kazi ambayo wenzake wamefundishwa alama za msingi na mkalimani anapatikana kwenye mikutano. Kwa mwenye usonji ningegawa: kanuni zisizosemwa zielezwe wazi darasani, matumizi yake yafanyiwe kazini, na msimamizi aelezwe kwamba kusema ukweli bila kuzunguka si utovu wa adabu.

Stadi zenyewe nazo zinatofautiana. Kufika kwa wakati kunafundishwa na safari halisi ya kwenda kazini, pamoja na foleni zake na usafiri unaochelewa, wala sidhani kama chati ya saa ukutani imewahi kumsaidia mtu. Kupokea kukosolewa kunataka pande zote mbili, yaani mazoezi ya kutosha darasani, kisha mtu wa kuzungumza naye siku ile ile ambayo lawama ya kweli imetolewa.

Anayeweza kuchanganya asilazimike kuchagua. Mfano mmojawapo wa kutazama ni Project SEARCH, uliobuniwa mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, kwa ajili ya vijana wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji. Darasa liko ndani ya mahali pa kazi penyewe. Vijana huanza siku pamoja kwa somo fupi, wanatawanyika kwenye idara, kisha wanakutana tena kuyapitia yaliyotokea, na kwa mwaka mmoja kila kijana hupita kwa kawaida katika vituo vitatu vya mafunzo. Mpangilio huo unatibu udhaifu mkuu wa darasa, kwa sababu somo la leo linatumika saa moja baadaye, na kosa la leo linakuwa somo la kesho asubuhi. Kituo cha pili na cha tatu navyo vinamlazimisha kijana kuhamisha stadi kwa msimamizi mwingine na kelele nyingine.

Asiye na uwezo wa kuandaa mpango mkubwa namna hiyo anaweza kuiga umbo lake kwa udogo: wiki mbili au tatu za darasa zilizobebwa na stadi tatu tu, ya kwanza ikiwa kuomba marekebisho, kisha kazi ya siku chache kwa wiki, na siku moja ya kurudi pamoja kuyazungumza. Akijiunga na mradi wa wengine, aulize maswali machache kabla ya kusaini. Nani alitunga kipimo cha kufaulu, na je, mtu mwenye ulemavu wa kijana huyu alishiriki? Msimamizi wa kazi atafundishwa nini, na kwa saa ngapi? Mwelekezi ataondoka lini na kwa hatua zipi? Nani atapokea simu miezi mitatu baada ya mafunzo kwisha? Jibu la swali hilo la mwisho likiwa ni kwamba hakuna, basi kabla kijana hajaanza atafutwe mfanyakazi mmoja wa pale pale kazini, aliyekubali kwa hiari yake, na kijana amfahamu kwa jina na kwa sura tangu siku ya kwanza.